Mtoto wa Sirari kwenye mpaka wa Brenner

Najua nimewatelekeza. Mwezi mzima mnafungua hapa mnakuta habari ile ile ya zamani. Kumradhi. Nilikuwa Munich, Ujerumani, kwenye mafunzo ya waandishi wa habari ya wiki tatu, na ratiba ilitubana kiasi kwamba hata kuandika mistari miwili kabla ya kulala ilikuwa kazi. Mwisho wa wiki ya pili tukapewa siku mbili za kupumzika. Wenzangu wakaenda kutazama mpira na kuzunguka madukani. Mimi nikapanda treni kwenda Innsbruck, mji wa kale wa Austria ulio katikati ya milima ya Alps.

Wakaniuliza kwa nini Innsbruck. Niliwajibu kwamba ni karibu, chini ya saa mbili kwa treni, na ni kweli. Ila sababu yenyewe ni kwamba kwenye ramani niliona mstari wa mpaka unapita kilomita kama 40 hivi kusini mwa mji huo, mahali panapoitwa Brenner. Nimezaliwa Sirari, wilayani Tarime, na nyumbani kwetu ukipiga mluzi unasikika Kenya. Mtu wa mpakani akiona mpaka mwingine anataka kwenda kuuona unafananaje.

Lakini tuanze na mji kwanza.

Kabla sijaondoka, dada mmoja pale kwenye mafunzo alinionya nijihadhari na hewa nyepesi ya milimani. Nilipofika nikasoma kwamba Innsbruck iko mita 574 tu kutoka usawa wa bahari. Nikacheka peke yangu. Uso wa Ziwa Victoria wenyewe uko mita 1,134. Yaani mvuvi wa Musoma aliyekaa ndani ya mtumbwi wake yuko juu karibu mara mbili ya mtu anayekunywa kahawa Innsbruck, na sisi wa Tarime, kwenye kahawa na migomba yetu, tuko juu zaidi ya mvuvi huyo. Tofauti ni kwamba Innsbruck imezungukwa. Ukiinua macho mwisho wa mtaa unakutana na ukuta wa mawe wenye theluji kichwani. Unapanda treni ndogo hapo hapo mjini, kisha gari linaloning'inia kwenye waya, na kabla hujapoa mshangao uko zaidi ya mita 2,200 juu, baridi inakukata masikio, na chini mto Inn unaonekana kama uzi. Jina la mji ndilo hilo hilo, daraja la mto Inn.

Kivutio kinachopigwa picha kuliko vyote ni kibaraza chenye paa la dhahabu. Kina vigae 2,657 vya shaba vilivyopakwa dhahabu, na kilikamilika mwaka 1500 hivi, ili Kaizari Maximilian wa Kwanza akae pale na kutazama michezo uwanjani. Ukweli ni kwamba ni kidogo kuliko nilivyotarajia. Ila kilichonikamata ni kanisa lililo hatua chache kutoka hapo, linaloitwa Hofkirche. Ndani kuna kaburi kubwa la marumaru la Maximilian huyo huyo, na kandokando yake wamesimama watu 28 wa shaba, wakubwa kuliko binadamu, weusi tii. Wenyeji wanawaita kwa lahaja yao "wanaume weusi", japokuwa baadhi yao ni wanawake. Nilisimama katikati yao, mimi wa 29, na mzee mlinzi akatabasamu kwa namna iliyonionyesha kwamba wazo hilo limempitia na yeye.

Kinachochekesha ni kwamba kaburi lenyewe ni tupu. Maximilian alifariki 1519 na kuzikwa Wiener Neustadt, mbali na hapo, na kanisa hili lilijengwa na mjukuu wake kati ya 1553 na 1563. Wenyeji wanasimulia kwamba mwaka mmoja kabla ya kifo chake, wenye nyumba za wageni wa Innsbruck walikataa kupokea msafara wake kwa sababu ya madeni ya nyuma ambayo hayajalipwa. Kaizari mzima, mwenye paa la dhahabu, ananyimwa kitanda kwa deni! Hata Sirari tunao wakubwa wa aina hiyo.

Ndani ya kanisa hilo hilo, karibu na mlango, kuna kaburi lisilo tupu. Ni la Andreas Hofer, mwenye nyumba ya wageni na mfanyabiashara wa farasi, ambaye mwaka 1809 aliongoza wakulima wa Tirol kupigana na majeshi ya Bavaria na Ufaransa kwenye kilima cha Bergisel, hapo hapo nje ya mji. Walishinda zaidi ya mara moja kabla ya kushindwa. Hofer alisalitiwa, akapelekwa Mantua, akapigwa risasi Februari 1810. Mifupa yake ililetwa Innsbruck 1823. Ni shujaa wao kama Kinjeketile alivyo kwetu. Nikamuuliza yule mzee mlinzi, kwa Kijerumani changu cha kuokoteza, nyumba ya Hofer iko mtaa gani nikaione. Akanyoosha mkono kuelekea kusini akasema iko Italia.

Iko Italia. Shujaa amezikwa Austria, na bonde alikozaliwa liko nchi nyingine. Hapo ndipo nilipoacha habari ya paa la dhahabu, nikaenda kituoni kukata tiketi ya Brenner.

Treni inapanda taratibu bondeni, unaona barabara kuu ikipita juu ya madaraja marefu kupindukia, malori mstari mmoja kama siafu. Brenner yenyewe ni kijiji tu, mita 1,370 hivi juu ya bahari, kituo cha reli kikubwa kuliko mahitaji ya kijiji, maduka ya nguo na viatu, na majengo ya forodha ambayo kazi yake imekwisha. Kuna jiwe la mpaka. Nililitembelea, nikaweka mguu mmoja Austria na mwingine Italia, nikajipiga picha. Hakuna aliyenitazama.

Historia ya jiwe hilo ni hii. Hadi Vita Kuu ya Kwanza, Tirol ya kaskazini na ya kusini zilikuwa nchi moja chini ya wafalme wa Austria kwa karne nyingi. Mwaka 1915 Uingereza, Ufaransa na Urusi zilitaka Italia iingie vitani upande wao, na katika mkataba wa siri uliotiwa saini London Aprili mwaka huo, zikaiahidi ardhi mpaka Brenner. Austria ikashindwa. Septemba 1919, katika mkataba wa Saint-Germain, karibu na Paris, ahadi ikatimizwa. Hoja ya Italia ilikuwa kwamba kilele cha mlima, pale maji yanapogawanyika, ndio mpaka wa asili. Lakini kwa hesabu ya 1910, karibu watu tisa kati ya kumi wa Tirol Kusini walizungumza Kijerumani. Hawakuulizwa.

Kilichofuata ni kibaya. Mussolini aliposhika madaraka alifunga shule za Kijerumani, akabadilisha majina ya vijiji na milima, na watoto wakawa wanafundishwa lugha yao kwa kujificha majumbani. Mwaka 1939 yeye na Hitler wakakubaliana kuwapa watu hao chaguo: nendeni Ujerumani, au bakini na mwe Waitalia. Wengi mno walichagua kuondoka, na watu wapatao 75,000 waliondoka kweli kabla ya vita kuvuruga mpango huo. Ndugu wa tumbo moja waligombana, aliyebaki akiitwa msaliti wa lugha na aliyeondoka akiitwa msaliti wa ardhi. Machi 1940 madikteta hao wawili walikutana hapo hapo kituo cha Brenner, ndani ya treni. Baada ya vita, Austria na Italia zilikubaliana mwaka 1946 kuwapa watu wa kusini haki ya lugha yao, lakini utekelezaji ukasuasua hadi vijana wakaanza kulipua nguzo za umeme mwaka 1961. Mamlaka ya kujitawala yenye maana walipata 1972. Na tarehe 1 Aprili 1998, miaka mitatu baada ya Austria kujiunga na Umoja wa Ulaya, kizuizi cha barabarani pale Brenner kiliinuliwa.

Nilikaa kwenye benchi la kituo nikila mkate wangu. Kichwani nilikuwa nyumbani.

Wengi wetu tulisoma mpaka wetu kwa mstari mmoja wa daftari: Mkutano wa Berlin, 1884 hadi 1885. Berlin haikuchora mstari wa Sirari. Ulichorwa mwaka 1886, Waingereza na Wajerumani walipokubaliana kwa kubadilishana barua, kwamba mstari utoke pwani kwenye mto Umba, upite kaskazini ya Kilimanjaro, kisha uende moja kwa moja hadi pale ambapo nyuzi moja kusini ya ikweta inakutana na ufuko wa mashariki wa Ziwa Victoria. Mkataba wa 1890 ukauendeleza mstari huo ndani ya ziwa. (Na ile hadithi kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Mjerumani mlima Kilimanjaro kama zawadi ya siku ya kuzaliwa, tafadhali tuiache. Mwaka 1886 mjukuu huyo alikuwa hata hajawa Kaizari. Mlima ulikwenda kwa mapatano ya wafanyabiashara na wanasiasa, kama vitu vingine vyote.)

Pale Brenner angalau walikuwa na mlima wa kusingizia. Sirari hakuna mlima wala mto uliofuatwa. Ni rula. Wapimaji wa pande mbili walikuja kuweka alama ardhini kati ya 1904 na 1906, na walipopita nchi ya Wakuria walizikata koo nne, Wakira, Wagumbe, Wairege na Wanyabasi, kila moja ikabaki na watu huku na huko. Bibi anasema wazee walidhani wale wazungu wenye minyororo wanapima mashamba yao wenyewe.

Sasa nisikilizeni hapa, kwa sababu ndicho nilichokigundua nikiwa kwenye benchi lile. Mwaka ule ule wa 1919, kwenye mikutano ile ile ya Paris iliyozaa mpaka wa Brenner, Ujerumani ilinyang'anywa Afrika Mashariki yake. Tanganyika ikawekwa chini ya Uingereza, na Kenya tayari ilikuwa ya Uingereza. Mstari wa Sirari ulichorwa ili kuwatenganisha Mwingereza na Mjerumani. Mjerumani ameondoka, mwenye nyumba sasa ni mmoja kushoto na kulia, sababu ya mstari imekufa. Lakini haukufutwa. Huku Alps wanaunda mpaka usiokuwapo, huku kwetu wanaacha mpaka usio na kazi uendelee kusimama, na katika vyumba vyote viwili hakuna Mtirol wala Mkuria aliyeitwa atoe neno.

Ukabaki hivyo hadi Uhuru, nasi wenyewe tukaupokea. Julai 1964, mjini Cairo, viongozi wa Afrika waliazimia kuheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni, na Mwalimu Nyerere alikuwa mstari wa mbele kutetea azimio hilo. Huyo ni mtoto wa Butiama, wa mkoa wetu huu huu wa Mara, aliyejua vizuri mpaka huo umewapitia akina nani. Namwelewa. Kila kabila lingedai ndugu zake kwa bunduki, bara zima lingewaka. Nikiwa mwandishi naona hoja yake ina nguvu. Nikiwa mjukuu wa bibi yangu, inaniuma kidogo.

Kwa sababu Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa inavunjika, Tanzania ilifunga mpaka na Kenya. Sirari ikawa mwisho wa barabara. Bibi alikuwa na dada yake mkubwa aliyeolewa upande wa pili, mwendo wa saa moja kwa miguu. Kabla ya hapo walikuwa wakipelekeana unga na kubebeana watoto. Baada ya kufunga, njia za panya zilikuwapo, na watu walizitumia kuleta sabuni, sukari na mafuta ya kupikia ambavyo kwetu vilikuwa vimeadimika. Lakini babu alikuwa mtumishi wa serikali, na bibi aliogopa kumponza. Akasema atasubiri wafungue, hawawezi kukaa muda mrefu. Dada yake akafariki 1980. Taarifa ilimfikia bibi baada ya majuma matatu, kupitia kwa mtu aliyekuja kuuza viberiti usiku.

Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983, baada ya marais wa nchi hizo, pamoja na Uganda, kukubaliana namna ya kugawana mali na madeni ya Jumuiya iliyokufa. Msuluhishi alikuwa Victor Umbricht, Mswisi. Yaani mtu wa Alps ndiye aliyetumia miaka kadhaa kuhesabu mabehewa, meli na ndege zetu hadi tukakubali kuketi pamoja. Nilipomsoma kwa mara ya kwanza nilijiuliza kama aliwahi kuambiwa kuna mahali panaitwa Sirari.

Siku hizi tuna Jumuiya mpya, iliyoanza kazi mwaka 2000, na pale mpakani kuna kituo cha pamoja, maofisa wa nchi mbili chini ya paa moja, gari linakaguliwa upande linakoingia tu. Ni hatua kubwa, malori yanajua. Ila Austria na Italia zinapokutana hakuna hata wa kukugongea muhuri, na kwetu mtu anayekwenda kwenye ng'ombe za mahari kwa shemeji yake anatakiwa kuwa na hati ya kusafiria.

Nilikuwa nimeanza kuwaonea wivu. Nikapanda treni ya kurudi. Behewa lilikuwa na watu kama thelathini, wanafunzi, wazee wenye fimbo za kupandia milima, familia moja yenye mbwa. Hata kabla hatujaliacha bonde, askari wawili waliingia, wakapita wote, wakapita hata mbwa, wakasimama mbele yangu. Pasipoti. Wakaitazama viza yangu ukurasa kwa ukurasa, wakanitazama usoni, wakauliza nilikwenda kufanya nini Brenner. Nikasema kutazama mpaka. Mmoja akauliza, mpaka gani?

Sikuwa na jibu la haraka. Wakanirudishia, wakaendelea na behewa linalofuata. Mzee aliyekaa mbele yangu aliangalia dirishani muda wote.

Nimerudi nyumbani wiki mbili zilizopita. Bibi yuko Sirari, macho yamepungua nguvu lakini ulimi bado. Nilimwamkia, nikamwonyesha picha kwenye simu: paa la dhahabu (akasema wangeezeka nyumba nzima), watu weusi wa shaba, halafu ile picha yangu na jiwe la Brenner. Nikamweleza yote, lugha iliyokatazwa, ndugu waliochaguzwa nchi, kizuizi kilichoinuliwa. Alisikiliza kimya, kisha akaniuliza kitu kimoja tu.

"Na waliokufa katikati hapo, walizikwa na nani?"

Nikamwambia sijui, bibi.

Asubuhi yake nilimkuta amekwisha kuvaa, kanga mbili, viatu vya mvua, na jembe dogo mkononi. Anataka nimsindikize akapalilie kaburi la dada yake, nyasi zimeota tangu mvua zianze. Nikamwambia sawa, tupitie kituoni, ninayo pasipoti, na yeye tutamwombea kibali, haitachukua muda. Alinitazama kama watu wanavyomtazama mgeni aliyepotea njia.

"Mume wangu," akasema, "wewe pita huko na kitabu chako. Tutakutana kwa shangazi zako."

Akashika njia ya nyuma ya shamba la mahindi, taratibu, jembe begani. Nilisimama kidogo na pasipoti yangu mfukoni, halafu nikamfuata kumbebea jembe.